Gurudumu la nyuma lilipotaka kunihama: historia fupi ya nati, wenzo na mnyororo

Nimekuwa kimya kwa muda, na safari hii siwezi kusingizia kazi wala umeme. Sababu ni baiskeli.

Wengi wenu mnajua kuwa kutwa nzima niko mbele ya tarakilishi nikiandika programu, na mwili hausemi asante. Mwaka jana nikanunua fremu kuukuu ya baiskeli ya mashindano, ya mtumba, chuma kitupu, rangi imebanduka. Nikaondoa giya zote na kuigeuza kuwa fiksi. Kwa wasiojua, fiksi ni baiskeli ambayo sproketi ya nyuma imeshikana na gurudumu moja kwa moja. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Hakuna kupumzisha miguu, hata kwenye mteremko. Ukitaka kupunguza mwendo unasukuma pedeli kinyume, ukisaidiwa na breki ya mbele, ambayo nawasihi msiiondoe.

Nilidhani kazi imekwisha. Kisha asubuhi moja, nikipanda Valley Road, nikasimama juu ya pedeli ili kuongeza nguvu. Nikasikia mlio mmoja mfupi, kama mtu amevunja kuni, na baiskeli ikagoma palepale. Gurudumu la nyuma lilikuwa limechomoka upande wa kulia, likaenda mshazari, na tairi likakwama kwenye bomba la fremu la kushoto. Nyuma yangu kulikuwa na matatu. Dereva alipiga breki, kisha akaniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alikuwa na haki.

Nilikokota baiskeli hadi kando ya barabara nikiwa natetemeka, na swali likaanza kunisumbua kama kosa la programu lisiloeleweka. Nati nilikuwa nimezikaza. Fremu ilikuwa nzima. Baiskeli hiyohiyo ilikimbizwa na mtu mwingine miaka mingi bila gurudumu kuhama. Mimi nilibadilisha nini?

Kujibu swali hilo ilibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka 130.

Tuanze pale ambapo tatizo halikuwepo. Miaka ya 1860 kule Ufaransa baiskeli zilianza kuwekewa pedeli, lakini pedeli hizo zilikuwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Hata zile baiskeli za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, zilizotamba miaka ya 1870, zilikuwa hivyo. Hakukuwa na mnyororo. Gurudumu la nyuma lilifuata tu, kama mtoto anayeshika shuka la mama. Ekseli yake haikuwa na wa kuivuta.

Mwaka 1880 Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, alibuni mnyororo wa roli, wa aina ambayo hata leo iko kwenye baiskeli yako. Mwaka 1885, huko Coventry, John Kemp Starley akatoa baiskeli ya Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, pedeli katikati, na mnyororo unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Ukiitazama picha yake utaitambua mara moja kuwa ni baiskeli. Na ilikuwa fiksi. Friwili ilienea baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1890, na mwaka 1903 Ernst Sachs wa Ujerumani akatoa habu yake ya Torpedo iliyounganisha friwili na breki ya kukanyaga nyuma. Kwa hiyo fiksi si mtindo mpya wa vijana wa mjini. Ndiyo iliyotangulia.

Sasa angalia tatizo ambalo mnyororo ulileta. Pini za mnyororo hulika kidogo kidogo, na mnyororo wote unarefuka. Ukirefuka unalegea. Kwa hiyo ekseli ya nyuma lazima iweze kusogezwa, ili mnyororo ukazwe tena. Lakini ukishamaliza kuisogeza, ekseli hiyohiyo lazima isisogee hata milimita moja. Lazima isogee na lazima isisogee! Wote waliohangaika na gurudumu la nyuma baada ya hapo walikuwa wakijaribu kupatanisha mambo hayo mawili.

Na nguvu inayotaka kuihamisha si ndogo. Tufanye hesabu, maana mimi siamini kitu mpaka nikipige hesabu. Chukua mtu wa kilo 70 anayesimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli moja. Mkono wa pedeli una urefu wa milimita 170. Sproketi ya mbele yenye meno 42 ina nusu kipenyo cha milimita 85 hivi, kwa sababu kila jino linachukua milimita 12.7 za mnyororo. Gawanya 170 kwa 85, unapata 2. Maana yake mnyororo unavutwa kwa nguvu mara mbili ya uzito wako: kama kilo 140. Hapo hatujahesabu kwamba mikono nayo inavuta usukani.

Hizo kilo 140 hazigawanywi sawa kwa nati mbili. Mnyororo uko upande wa kulia, milimita 43 hivi kutoka katikati ya baiskeli, na kila nati iko milimita 60 au zaidi kidogo kutoka katikati. Ukipiga hesabu ya mizani, nati ya kulia inabeba zaidi ya asilimia 80 ya mvuto wote. Ndiyo maana gurudumu langu lilichomoka kulia na si kushoto, na ndiyo maana tairi liligonga bomba la kushoto.

Kuna jambo jingine nililokosa kulifikiria. Kwenye fiksi, ukisukuma pedeli kinyume ili kupunguza mwendo, sehemu ya chini ya mnyororo ndiyo inayokazika. Nilidhani mvuto huo unarudisha ekseli nyuma. La hasha. Mnyororo hauwezi kusukuma, unavuta tu, na uwe umekazika juu au chini, unavuta ekseli kuelekea mbele. Ukiongeza kasi, ekseli inavutwa mbele. Ukipunguza, inavutwa mbele vilevile. Ekseli ya fiksi haipumziki.

Turudi kwenye historia. Ekseli hukaa ndani ya mwanya wa chuma kwenye ncha ya fremu, na mimi nitauita mdomo. Kuna mdomo unaotazama nyuma, na kuna mdomo unaotazama mbele. Baiskeli za uwanjani, zile za kukimbilia ndani ya duara, zimebaki na mdomo unaotazama nyuma mpaka leo. Sababu ni ile tuliyoiona: mnyororo unavuta mbele, na mbele kumezibwa. Nati zikilegea, ekseli inaweza kusogea, lakini haiendi kwenye uwazi.

Wakimbiaji wa barabarani walikuwa na shida tofauti. Kabla ya vibadilisha giya kuruhusiwa katika Tour de France mwaka 1937, mkimbiaji alikuwa na sproketi upande huu wa habu na nyingine upande ule. Akifika chini ya mlima anashuka, anafungua nati za mabawa kwa vidole, anageuza gurudumu, anafunga, anapanda. Ukishindana na saa, unataka gurudumu litoke upesi. Mdomo unaotazama mbele ulifaa sana: unalisogeza gurudumu mbele, mnyororo unalegea wenyewe, linashuka. Hulihangaishi na bawa la matope wala, baadaye, na kibadilisha giya kilichoning'inia nyuma yake. Lakini bei yake ni kwamba mlango sasa uko wazi upande uleule mnyororo unakovuta.

Hapo ndipo anaingia Tullio Campagnolo, Mtaliano wa Vicenza. Husimuliwa kwamba mwaka 1924, akiwa mashindanoni kwenye mlima wa Croce d'Aune, baridi ilimgandisha vidole akashindwa kufungua nati za mabawa, na hapo akawaza wenzo wa kufungua gurudumu haraka. Baadhi ya wanahistoria wameichunguza hadithi hiyo na kuitilia shaka. Wenzo wenyewe ulikuwa hivi: fimbo nyembamba inayopita ndani ya ekseli yenye tundu, upande mmoja wenzo wenye kipande cha mviringo usio sawa ambacho ukikigeuza kinabana. Mwaka 1933 alianzisha kampuni yake, na wenzo huo ukaenea dunia nzima.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kitu alichokitoa miaka ya 1940, kiitwacho Cambio Corsa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Fimbo mbili zilipanda kando ya fremu nyuma ya mguu wa kulia. Mkimbiaji akiwa mwendoni ananyoosha mkono nyuma, anaufungua wenzo wa gurudumu la nyuma, NDIYO, gurudumu analolikalia, huku akizungusha pedeli kinyume. Kwa fimbo ya pili anauhamisha mnyororo kwenye sproketi nyingine. Gurudumu linasogea mbele au nyuma kulingana na ukubwa wa sproketi, kisha analifunga tena. Hakukuwa na springi ya kukaza mnyororo. Gurudumu lenyewe ndilo lilikuwa kikazio.

Sasa, utalisogezaje gurudumu lililofunguliwa bila kwenda mshazari kama langu? Campagnolo alichonga meno ndani ya midomo yote miwili ya fremu, na meno mengine kwenye ncha za ekseli. Ekseli haikuteleza, ilibingirika juu ya meno, kulia na kushoto kwa hatua moja. Gino Bartali alishinda Tour de France ya mwaka 1948 akitumia chombo hicho. Fausto Coppi alishinda Paris-Roubaix mwaka 1950 akitumia toleo lililofuata, lenye fimbo moja, na toleo hilo likabeba jina la mashindano hayo. Hawa walikuwa wakifungua gurudumu la nyuma kwa hiari yao katikati ya mashindano, na halikuwahama. Mimi nililifunga kwa spana likanihama Valley Road.

Baada ya hapo tatizo likazimwa kwa njia nyingine. Vibadilisha giya vyenye mkono wa springi vikatawala miaka ya 1950. Springi ndiyo inayomeza ulegevu wa mnyororo, kwa hiyo ekseli haina tena haja ya kusogezwa. Mdomo mrefu unaotazama mbele ulibaki kwenye fremu kwa miongo kadhaa, kisha kidogo kidogo watengenezaji wakauacha na kuweka mdomo unaotazama chini. Humo ekseli inapanda mpaka mwisho na kukaa. Mnyororo ukivuta, unavuta kwenye ukuta wa chuma. Hakuna pa kwenda.

Kwa maneno yetu sisi wa programu, walibadilisha muundo mpaka kosa lisiwezekane. Na kama kawaida, waliokuja baadaye wakasahau kwamba kosa liliwahi kuwepo.

Mpaka watu walipoanza kurudisha fiksi barabarani. Wajapani hawakuwahi kuiacha: mashindano yao ya keirin yalianza mwaka 1948 mjini Kokura, na hukimbiwa kwa fiksi. New York, matarishi wa baiskeli waliipenda kwa sababu haina vitu vingi vya kuharibika. Mmoja wa matarishi hao, Nelson Vails, alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Kufikia miaka ya 2000 fiksi ilikuwa homa, na watu wengi hawakununua baiskeli za uwanjani. Walifanya kama mimi: walichukua fremu kuukuu za barabarani na kuzigeuza.

Mwalimu wao mkubwa alikuwa Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2008. Kabla watu wengi hawajajua tovuti ni nini, yeye alikuwa akiandika kurasa juu ya kila nati na kila washa ya baiskeli, bure, kwa lugha ya mtu anayekuheshimu. Kwake nilijifunza njia ya kutembeza gurudumu: huzilegezi nati zote mbili kwa pamoja. Unalegeza ya kulia, unalisukuma gurudumu kando, unaikaza. Unalegeza ya kushoto, unalinyoosha gurudumu, unaikaza. Kila hatua ekseli inarudi nyuma kidogo na mnyororo unakazika bila kukukimbia. Pia alishikilia kwamba wenzo mzuri wa chuma, uliofungwa sawasawa, unaweza kutosha hata kwenye fiksi. Hapo nilitulia, kwa sababu maana yake ni kwamba tatizo langu halikuwa nati dhidi ya wenzo. Lilikuwa mahali pengine.

Nikampelekea baiskeli mzee mmoja fundi ninayemfahamu, aliyetengeneza baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa akifanya kazi siku ambazo boda boda bado ilikuwa baiskeli. Mnakumbuka kwamba neno lenyewe lilitoka Busia miaka ya 1960, ambako vijana walibeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda. Abiria mmoja mzito na gunia juu: hiyo ndiyo ekseli iliyokuwa ikivutwa!

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "gurudumu limenihama."

Hakugusa nati. Aliinama akatazama mdomo wa fremu, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, cheni inavuta wapi?"

"Mbele."

"Na huu mlango umefunguka wapi?"

Nilinyamaza. Akaniletea fremu kuukuu ya Black Mamba iliyokuwa ukutani. Mdomo wake ulitazama nyuma, na kila upande kulikuwa na ajasta: kipande cha chuma kinachoshika ekseli, chenye skrubu ndefu inayoegemea ncha ya fremu. Ukizungusha nati yake, ekseli inavutwa nyuma. Hata nati kubwa ikilegea, ajasta haiachii. "Hii ilibeba watu wawili na gunia la mahindi," akasema. "Yako imebeba mtu mmoja na laptopu."

Nikamwonyesha skrubu ndogo zilizokuwa kwenye mdomo wa fremu yangu, nikidhani ndizo zitasaidia. Akatikisa kichwa. Skrubu zile zinaingia kutoka nyuma. Zinaizuia ekseli isirudi nyuma zaidi. Mbele hazizuii chochote, kwa sababu aliyeichora fremu ile hakutarajia mtu amkalie kwenye ekseli kwa fiksi ya meno 42.

Kisha akaangalia nati, na hapo nikaona aibu ya pili. Nilikuwa nimetumia nati za kawaida juu ya washa laini, na mdomo wa fremu ulikuwa na rangi nene niliyoipaka mwenyewe. Nati ilikuwa inaibana rangi badala ya chuma. Rangi ikapondeka na nati ikalegea bila kuzunguka.

Haya basi, tulichofanya ni hiki, kwa faida ya atakayejaribu:

1. Tulikwangua rangi yote pale nati inapokaa, chuma kishike chuma.

2. Tuliweka ekseli nzima isiyo na tundu, ya milimita 10, na nati za uwanjani zenye washa inayozunguka peke yake. Ukikaza nati, washa inabaki imetulia na kuuma fremu kwa meno yake, haiburuti ekseli.

3. Tulikaza kwa Newton-mita 35 hivi. Kwa spana ya sentimita 20, hiyo ni kama kuning'iniza kilo 18 mwishoni mwa mkono wake. Mimi nilikuwa nikikaza kwa spana fupi ya mfukoni.

4. Upande wa kulia, mzee alikata kipande kidogo cha chuma, akakisaga kiingie kwenye mdomo mbele ya ekseli, na kukizuia kwa bolti fupi yenye washa mbili. Mlango uliokuwa wazi sasa una kitasa.

5. Tulihakikisha ringi ya kufungia sproketi ipo na imekazwa. Hili ni muhimu sawa na nati. Sproketi hufungwa kwa nyuzi za kawaida, na ukisukuma pedeli kinyume inataka kufunguka. Ringi ina nyuzi za kushoto, kwa hiyo sproketi ikijaribu kufunguka inaikaza ringi. Habu ya zamani ya friwili haina nyuzi hizo za kushoto. Watu huibana sproketi kwa gundi na kuomba Mungu. Mimi nasema badilisha habu.

6. Tuliacha mnyororo ulegee kidogo sana, milimita chache za kucheza juu na chini pale ulipokazika zaidi, maana sproketi nyingi si duara kamili. Ukikaza mno unaua beringi. Ukilegeza mno mnyororo unaruka, na kwenye fiksi mnyororo ukiruka unaweza kujifunga na kulizuia gurudumu ghafla ukiwa kwenye kasi.

Na kama fremu yako ina mdomo unaotazama chini? Usijaribu kuweka kikazio cha springi. Ukisukuma pedeli kinyume sehemu ya chini ya mnyororo inakazika na kukivunja. Kuna habu zenye ekseli iliyopachikwa nje ya katikati, unazizungusha kukaza mnyororo. Ni ghali, lakini ni salama.

Tangu siku ile nimepanda Valley Road mara nyingi, nimesimama juu ya pedeli, na gurudumu limetulia. Nimeweka alama ya rangi nyeupe kwenye nati na kwenye fremu, mstari mmoja unaopita juu ya zote mbili. Kila asubuhi naitazama kabla ya kupanda. Mstari ukivunjika, siondoki.

Mzee alikataa malipo ya kile kipande cha chuma, akachukua ya kazi tu. Alichoniomba ni kwamba nisipake rangi tena.